Bastola ya Carlson mbele ya jaji wa Homa Bay

Wengi wa Homa Bay na Migori walikutana na John Steinbeck darasani, The Pearl kilipokuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE. Riwaya yake fupi ya mwaka 1937, Of Mice and Men, ina swali zito zaidi. George anampiga risasi rafiki yake Lennie, na wasomaji wengi humaliza kitabu wakimhurumia aliyefyatua. Huruma hiyo ilitengenezwa kwa ufundi.

Ufundi wenyewe unaanza na mbwa wa mzee Candy. Kazeeka, ananuka, meno hana. Carlson, kibarua mwenzake Candy, anasisitiza auawe, na anaonyesha mahali pa kulenga, kisogoni, asisikie maumivu. Kisha Steinbeck anafanya jambo la kistadi kuliko yote kitabuni: hatutoi nje. Anatuacha bwenini na vibarua wanaopiga soga zisizo na kichwa wala miguu, kila sikio likingoja mlio. Baadaye Candy anajuta kumwachia mtu mwingine kazi ile. Angemuua mbwa wake mwenyewe.

Mwishoni bastola ni ileile ya Carlson, shabaha ni ileile, na msomaji ana jibu mkononi kabla hajaulizwa. Hapo ndipo pa kumshuku mwandishi. Mbwa alikuwa mgonjwa wa uzee. Lennie ni kijana mwenye nguvu za fahali anayeota sungura na shamba la ekari 10, ndoto ambayo mkata miwa wa Awendo hahitaji kuelezwa.

Ili tusilione pengo hilo, Steinbeck anaziba njia moja baada ya nyingine. Lennie amemuua mke wa Curley bila kukusudia, na Curley, mwana wa bosi wao, anataka kumpasua tumbo kwa risasi. Atoroke? Atakufa njaa, asema George. Afungwe? Slim, kibarua mwenzao, anaona kufungiwa kama mnyama si maisha.

Kisa hiki kingefika Mahakama Kuu ya Homa Bay au Migori, mpango wote ungegeuka. Kifungu cha 9(3) cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinasema sababu iliyomsukuma mtu kutenda haiamui hatia, ila pale sheria inapoeleza vinginevyo. Kuchukua bastola mapema, kumwambia Lennie atazame ng'ambo ya mto, kumsimulia habari za sungura: msomaji anaona upole, mwendesha mashtaka angeona nia ya kuua. Rehema ingesikilizwa baada ya hukumu ya hatia, mshtakiwa akiomba kupunguziwa adhabu. Hata nafasi hiyo ilipata uzito Desemba 2017 tu, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Francis Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila muuaji ni kukiuka Katiba.

Ajabu ni kwamba George mwenyewe hajitetei kwa rehema. Carlson anapouliza kama Lennie ndiye aliyekuwa na bastola, anajibu ndiyo, kisha anakubali kwamba alimnyang'anya. Anasalimika kwa uongo huo, kana kwamba alikuwa akijiokoa. Slim peke yake anaelewa, naye anamshika mkono wakanywe. Steinbeck amewashawishi wasomaji kitabu kizima, lakini hakumpa George neno hata moja la rehema la kuwaambia Carlson na Curley.