Papa Amefika Rumonge: Tuwasomee Watoto Hadithi Kama Ilivyo?

Sisi walimu wa Kiswahili wa vyuo vikuu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi ya watu wazima. Hadithi za watoto tumewaachia walimu wa shule za msingi, kana kwamba ndani yake hamna jambo la kuhakikiwa. Makala haya yanakusudia kwenda kinyume na desturi hiyo. Tutaangalia hadithi moja tu, Kisa cha Punda wa Dobi, na tutaiangalia mbali na ilikosimuliwa: katika darasa la watoto wadogo wa Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Swali letu ni hili: je, mwalimu anayewasomea watoto wa ziwani hadithi ya baharini aisome kama ilivyo, au aibadili ili ifanane na mazingira yao?

Kwanza tuikumbuke hadithi yenyewe. Iliandikwa kutoka vinywani mwa wasimulizi wa Unguja na kutolewa na Edward Steere katika kitabu chake Swahili Tales, kilichochapishwa London mwaka 1870. Kima alikuwa akiishi juu ya mkuyu kando ya bahari. Papa alikuwa akija chini ya mti, na kima akimtupia matunda. Urafiki ukakua. Siku moja papa akamwalika kima kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya safari papa akasema ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba wao wakisafiri mioyo huiacha mitini. Basi warudi wakauchukue. Waliporudi, kima akapanda mti na hakushuka tena. Papa alipomwita, kima akamuuliza kama anamdhania kuwa punda wa dobi, kisha akamsimulia kisa cha punda aliyedanganywa na sungura akaenda kwa simba mara mbili. Simba alipomuua, sungura akaula moyo na masikio, akadai kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Sasa tuje Rumonge. Mji huu uko takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, nao unajulikana kwa dagaa, mukeke na mafuta ya mawese. Kiswahili si mgeni hapa. Kilifika mwambao huu pamoja na biashara ya Ujiji katika karne ya 19, na hadi leo husikika sokoni, misikitini na kwenye mitumbwi. Hata hivyo, mtoto anayeingia darasa la kwanza kwa kawaida huja na Kirundi cha nyumbani, hukutana na Kifaransa ubaoni, na tangu miaka ya 2000, Burundi ilipokuwa ikielekea Jumuiya ya Afrika Mashariki na kujiunga nayo mwaka 2007, akaongezewa Kiingereza na Kiswahili kama masomo. Kwa hiyo mtoto huyu anakijua Kiswahili cha kuulizia bei ya samaki kabla ya kukijua Kiswahili cha kitabuni. Hadithi ndiyo daraja kati ya hivyo viwili.

Tatizo la kwanza ni papa mwenyewe. Katika Ziwa Tanganyika hakuna papa. Ndiyo maana wapo walimu wenzetu wanaoshauri kwamba mahali pa papa pawekwe mamba, mnyama ambaye kila mtoto wa ziwani anamjua. Hoja yao ina nguvu. Ufundishaji mzuri huanza na kinachojulikana. Tena, kwa wanaojua historia ya kisa hiki, mamba si mgeni: katika Panchatantra ya Wahindi rafiki wa kima ni mamba. Kilipoingia katika Kiarabu kupitia Kalila wa Dimna, aliyoitafsiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, mamba akageuka kobe. Kilipofika Unguja kobe akawa papa. Kama kila nchi ilimbadili mnyama, kwa nini Rumonge isiruhusiwe?

Kwa maoni yetu ruhusa ipo, lakini faida haipo, na sababu imo ndani ya hadithi. Hadithi hii inasimama juu ya nguzo moja: msikilizaji lazima auamini urafiki. Asipouamini mwanzoni hataumia unapovunjika. Mtoto wa Rumonge ameonywa juu ya mamba tangu alipoanza kutembea. Mwambao huu ndio uliovuma duniani kwa habari za mamba aliyepewa jina la Gustave, aliyehofiwa kuanzia Mto Ruzizi hadi fukwe za kaskazini mwa ziwa. Mwambie mtoto huyu kwamba kima alipanda mgongoni mwa mamba, naye atakwambia palepale kwamba kima ni mjinga. Hadithi imekwisha kabla ya kuanza. Papa, kwa upande mwingine, ni samaki mkubwa tu ambaye mtoto hajamwona na hana neno naye. Anamkaribisha kama kima alivyomkaribisha, na ukweli unaposemwa katikati ya maji, mtoto anashtuka pamoja na kima. Ugeni wa papa ambao tulidhani ni kikwazo ndio unaoifanya hadithi ifanye kazi. Mwalimu na amchore papa ubaoni, aseme ni samaki wa baharini mwenye meno, kisha aendelee kusoma.

Tatizo la pili ni msamiati, nalo ni dogo kuliko linavyotangazwa. Neno dobi lina asili ya Kihindi, na linaelezeka mara moja: ni mfua nguo. Neno moyo linaweza kumchanganya mtoto ambaye nyumbani husema umutima. Hapo mwalimu mwenye ujuzi hana haja ya kukimbilia Kifaransa. Kiswahili cha washairi kina neno mtima, lenye maana hiyohiyo. Mtoto anayeoneshwa kwamba umutima wa mama yake na mtima wa washairi wa pwani ni ndugu, amejifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya jirani. Somo hilo la nusu dakika lina thamani kuliko orodha ya maneno ishirini ya kukariri.

Tatizo la tatu ndilo zito, nalo ni la kihakiki zaidi. Vitabu vingi vya darasani humalizia kila hadithi kwa swali: hadithi hii inatufundisha nini? Jibu linalotarajiwa huwa limekwisha andaliwa, kwa mfano kwamba tusiwe wadanganyifu. Sasa tazama kisa chenyewe. Ni nani aliyesema uongo ukamwokoa? Kima. Ni nani aliyesema ukweli akapoteza alichokitafuta? Papa. Tena papa hakuwa na kiu ya damu. Alitumwa na sultani wake. Je, mtumwa wa amri ana hatia? Na alipomwambia kima ukweli kabla ya kufika, je, ulikuwa upumbavu, au ni urafiki uliomsuta? Hadithi haijibu. Watoto wa darasa la tatu wakipewa nafasi huyauliza maswali haya wenyewe, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, na hubishana mpaka kengele inalia. Furaha ya kufundisha watoto wadogo tunaiona hapo: katika kumsikia mtoto akitafuta neno la Kiswahili kwa sababu ana hoja anayotaka kuitetea. Atakayewakata kauli kwa funzo lililochapishwa mwishoni mwa ukurasa amewanyang'anya hadithi.

Tena hadithi hii haisomwi mahali patupu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisa hiki kinaigeuza methali hiyo juu chini: mgeni anaitwa ili mwenyeji apone kwa moyo wa mgeni. Katika Rumonge na Nyanza-Lac, ambako familia zilizokimbia mwaka 1972 zilirudi kwa wingi kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2002 na kukuta mashamba yao yana watu wengine, maneno kama mwenyeji, mgeni, kwetu na kwenu yana uzito ambao msimulizi wa Unguja hakuufikiria. Wapo waliorudi na watoto waliosoma kwa Kiswahili cha Tanzania, wakaketi dawati moja na watoto wa Kirundi. Na maji yenyewe si mandhari tu: ziwa lilipopanda katika miaka ya 2020, yapo mitaa ya Rumonge ambako maji yaliingia majumbani. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na anayesema kwamba hadithi za wanyama ni za kuchekesha watoto tu. Mwalimu anapaswa kuisoma akijua ameshika nini mkononi. Wakati huohuo asiigeuze kuwa mhadhara wa siasa. Kima na papa wanatosha. Wanawapa watoto njia ya kuzungumzia hofu na uaminifu pasipo kumtaja jirani.

Hatusemi kwamba hadithi haina kasoro. Kisa cha punda, kilichomo ndani ya kisa kikubwa, kinamcheka aliyedanganywa na kumsifu aliyedanganya, na kifo cha punda kinapita bila huruma yoyote. Kwa watoto wa darasa la kwanza tungeshauri mwalimu asome sehemu ya kima na papa peke yake, na sehemu ya punda iwasubiri hadi darasa la tatu au la nne, wanapoweza kuuliza kama anayeamini mara mbili kweli hana moyo, au anao mkubwa kuliko wa sungura.

Limebaki suala la vitabu. Kitabu kimoja kwa darasa zima ni hali ya kawaida mwambaoni, na mara nyingi tunakitaja kama sababu ya kutosoma. Tunalo pendekezo. Mwalimu asome kwa sauti, asimame papa anapotaka kusema, na darasa libashiri. Kesho yake mtoto mmoja asimulie sehemu ya kwanza, mwingine ya pili. Waliokwisha jua kusoma wakinakili, kila mmoja ukurasa mmoja, kisha kurasa zishonwe pamoja. Baada ya majuma machache darasa litakuwa na nakala yake, yenye makosa ya tahajia na picha za papa mwenye masharubu ya kambare, na nakala hiyo itakwenda nyumbani kwa zamu. Mama asiyesoma atasomewa na mwanawe. Hadithi iliyotoka vinywani mwa watu wa Unguja na kuchapishwa mwaka 1870 itakuwa imerudi mdomoni.

Tunawaomba wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wachague hadithi moja kongwe, waihakiki kwa makini kama wanavyohakiki riwaya, kisha waende nayo darasani na kusikiliza. Maswali watakayoulizwa na watoto wayaandike na kutuletea idarani. Tunadhani mengine yatatushinda kujibu.