Dawa iliyofichwa ndani ya Y41.5

Mgonjwa akichomwa sindano ya penisilini Johannesburg, ulimi ukavimba, presha ikaporomoka na fahamu zikapotea, dai litakalokwenda kwenye mfuko wake wa matibabu litabeba misimbo miwili. Wa kwanza ni T88.6, mshtuko wa anafilaksia uliotokana na dawa sahihi iliyotolewa ipasavyo. Wa pili ni Y40.0, penisilini. Mmoja unaeleza yaliyompata, mwingine unamtaja mhusika. Msimbo wa sababu ya nje hauruhusiwi kukaa nafasi ya kwanza. Hufuata nyuma ya tatizo lenyewe.

Neno la kuangaliwa hapo ni “ipasavyo”. Kama muuguzi alizidisha kipimo au alichukua chupa siyo, mwili ule ule na dawa ile ile vinahamia kwingine kabisa: T36.0, sumu ya penisilini, pamoja na X44 ya sumu ya bahati mbaya. Kwa hiyo anayeweka misimbo, ambaye mara nyingi hakuwepo wodini, analazimika kuamua kutokana na maandishi ya daktari kama kulikuwa na kosa au la. Maandishi yenyewe yakisema tu “alipata reaksheni”, ataangukia T88.7, athari ya dawa isiyobainishwa. Kapu hilo linapokea mzio, mwili kukataa dawa bila sababu inayojulikana, na kila kilichokosa pa kuwekwa.

Utaratibu huu ulisukumwa na fedha. Afrika Kusini inatumia ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, si toleo lililopanuliwa na Wamarekani. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Mifuko ya Matibabu ya 1998 zinataka hati ya malipo ionyeshe utambuzi wa ugonjwa kwa msimbo, na mwaka 2005 sharti hilo lilianza kubana kweli katika sekta binafsi. Johannesburg, na Sandton hasa, ndiko yaliko makao ya kampuni kubwa zinazosimamia mifuko hiyo, Discovery Health ikiwemo. Kwa mfuko, mshtuko unaotishia uhai ni dharura, na dharura sheria inaulazimu kuigharimia. Kwa hiyo T88.6 inalipika kwa urahisi kuliko T88.7, na hilo linatosha kueleza kwa nini upande huu wa misimbo umepata walimu na wakaguzi.

Penisilini, hata hivyo, ni mfano mwepesi. Ugumu unaanza pale dawa inapouchokoza mwili polepole, kwa wiki kadhaa, na kwenye kiungo kisichotarajiwa. Wataalamu wa kinga Gell na Coombs walipogawa miitikio ya mzio katika aina nne mwaka 1963, walifuata namna kinga ya mwili inavyofanya kazi. ICD-10 inafuata viungo. Matokeo yake, mwitikio wa dawa moja unaweza kutawanyika kitabu kizima: vipele vya mwili mzima ni L27.0, ugonjwa wa Stevens-Johnson ni L51.1, ngozi ikibabuka eneo kubwa zaidi ni L51.2, ini likiumia ni K71. Ugonjwa unaoitwa DRESS, ambao huleta homa, vipele, damu kujaa eosinofili na ini au figo kuathirika kwa pamoja, haukupewa nafasi yake katika toleo hili. Mweka misimbo huukatakata, kipande hiki sura ya ngozi, kile sura ya damu.

Kinachobaki cha kuviunganisha vipande hivyo ni msimbo wa Y. Nao tuupime kwa kisa cha kweli.

Mwaka 2005 Ian Sanne wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini, likijulikana kama FTC-302. Kati ya wagonjwa 385 waliotumia nevirapini, dawa ya VVU, 66 walipata madhara makali ya ini, yaani 17 kwa kila 100. Kati ya 83 waliotumia efavirenzi, nyingine ya VVU, hakuna hata mmoja. Wawili wa kundi la nevirapini walifariki. Wanawake na watu waliokonda ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Sasa tuwaandikie hao 66 misimbo. K71 kwa ini, sawa. Na dawa? Y41.5: dawa za virusi. Basi. Nevirapini, efavirenzi, abakaviri, hata asikloviri ya mkanda wa jeshi, zote zinalala kitanda kimoja. Mchambuzi akipewa misimbo peke yake ataona kwamba dawa za virusi zinaumiza maini, na hatakuwa na njia ya kugundua kwamba moja ilileta janga na nyingine haikuleta. Tofauti ya 66 na sifuri, ambayo ndiyo habari kuu ya matokeo yale, inafutika kabla hajafungua kompyuta.

Kwa nini hili lina uzito? Kwa sababu mpango wa serikali wa kugawa ARV ulianza mwaka 2004, na mwongozo wake ulielekeza nevirapini kwa wanawake walioweza kushika mimba, kwani wakati huo efavirenzi ilihofiwa kumdhuru mtoto tumboni. Wanawake, yaani kundi lile lile. Hoja ya mimba ilikuwa na mantiki yake. Ila nchi inayofanya uamuzi wa namna hiyo inahitaji takwimu za kila siku zinazoweza kuitaja dawa kwa jina.

Wodini mambo huvurugika zaidi. Mgonjwa wa VVU aliyelazwa hospitali ya Baragwanath, Soweto, anaweza kuwa anameza ARV, dawa za kifua kikuu na septrini kwa pamoja. Ngozi ikianza kubabuka kuna watuhumiwa kadhaa, wenye misimbo tofauti. ICD-10 haina mahali pa kuandika “tunaishuku hii kuliko ile”.

Mahali pa shaka papo, lakini ni kwingine. Fomu ya kuripoti madhara ya dawa, inayokwenda SAHPRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya Baraza la Udhibiti wa Dawa mwaka 2018, huuliza jina la dawa, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na kilichotokea ilipoachwa. Kutokana na majibu hayo uwezekano hupimwa: hakika, yaelekea, yawezekana. Tatizo ni kwamba daktari aliye wodini huijaza kwa hiari yake, ilhali msimbo kwenye dai ni sharti. Taarifa tunayoilazimisha ni ile isiyotofautisha, na inayotofautisha tunaiombea.

Kuna pia Z88, historia ya mzio wa dawa. Z88.0 ni penisilini, na hubaki na mtu maisha yote bila kusema alipata nini, lini, wala nani alithibitisha. Mtoto aliyetoka vipele vya virusi wakati akimeza amoksilini anaingia humo pamoja na aliyenusurika anafilaksia. Katika nchi za Magharibi, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye lebo hiyo wakipimwa vizuri hukutwa wanaivumilia penisilini. Kwa maoni yangu huu ndio msimbo dhaifu kuliko yote ya familia hii.

ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, imerekebisha mengi. Anafilaksia ya dawa ina namba yake, 4A84.1, na mizio imekusanywa sehemu moja. Madhara huelezwa kwa misimbo iliyofungwa pamoja, ikitaja dhara, chanzo na namna lilivyotokea, kisha dawa yenyewe huongezwa kwa msimbo wa XM. Lakini madai ya Afrika Kusini bado yanasafiri kwa ICD-10.

Hakuna haja ya kungoja. Kwenye mkondo ule ule wa madai kuna NAPPI, msimbo wa bidhaa unaotambua dawa hadi ukubwa wa pakiti. Kinachohitajika ni kuunganisha mstari wa Y41.5 na pakiti zilizotoka famasi wiki chache kabla, kazi ambayo mfuko wowote wenye wachambuzi wa data unaiweza. Itawafaa wenye bima. Mwanamke wa Soweto aliyechukua nevirapini kliniki ya umma hakuwa na dai lolote la kuunganishwa. Dawa yake iliandikwa kwenye faili la karatasi, na hapo mtu inambidi alifungue faili kwa mkono.