Vilima Vimeenda Wapi?

Mwezi wa Aprili mwaka jana nililipwa kuandika sentensi hii: "Njia hii haina vilima." Niliiandika kwa ajili ya kijitabu cha kampuni ndogo inayokodisha baiskeli huko Andalusia, kusini mwa Hispania, ninakosomea shahada ya uzamili. Mwajiri aliipenda. Alisema ni sentensi inayouza. Jioni hiyo nilimpigia baba simu Busia nikamsomea kwa Kiswahili, kwa sababu ilikuwa pesa yangu ya kwanza kulipwa kwa kuandika. Baba aliendesha boda boda ya baiskeli pale mpakani kwa miaka kumi na minne, kabla pikipiki hazijaingia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Si uliniambia huko ni milimani? Sasa vilima vimeenda wapi?"

Nilicheka. Baadaye usiku nikaona kwamba sikuwa na jibu.

Njia niliyoiandikia ni moja ya zile Wahispania wanazoziita Vías Verdes, yaani Njia za Kijani. Ni reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za miguu na baiskeli, na magari hayaruhusiwi. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1993, ukiratibiwa na Wakfu wa Reli za Hispania, na leo njia hizo zimepita jumla ya kilomita 3,000. Uzuri wake kwa mwendesha baiskeli unatokana na udhaifu wa treni. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo wahandisi wa reli walilazimika kuukata mlima, kuutoboa, au kuruka bonde kwa daraja. Mara nyingi mwinuko hauzidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100. Ndiyo maana mtu asiye na mazoezi anaweza kuvuka safu za milima huku akipiga soga.

Yangu ilikuwa Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kutoka Puerto Serrano hadi Olvera. Ina mahandaki 30, na refu kuliko yote lina karibu kilomita moja. Ina madaraja manne makubwa. Katikati yake limesimama jabali la Zaframagón, makazi ya kundi kubwa la tumbusi. Kituo cha reli kilichokuwa karibu na jabali kimefanywa mahali pa kuwatazama ndege hao kwa kamera. Unatoka kwenye giza la handaki, jua linakupiga machoni, unainua kichwa na kuona mabawa mapana yakizunguka bila kupigapiga. Ni njia nzuri sana. Sitaki msomaji adhani nimekuja kuikejeli.

Ninachokihakiki ni maandishi kuihusu, yakiwemo yangu. Nimesoma vijitabu, mabango na makala nyingi za Njia za Kijani kiasi cha kuweza kusema kwamba ni utanzu wenye kanuni zake. Una vivumishi vyake vitatu: rahisi, salama, tulivu. Una mhusika wake: familia yenye watoto wawili wenye kofia ngumu. Na una sarufi yake, ambayo sisi tuliofundishwa kauli za vitenzi shuleni tunaitambua haraka. Ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Reli ilijengwa. Mahandaki yalichimbwa. Kituo kiliachwa. Njia ikafufuliwa. Katika Kiswahili kiambishi -w- kinafungua mlango wa swali, kwa sababu msikilizaji husubiri "na nani?" Vijitabu hivi hufungua mlango huo na kuondoka.

Tuujibu basi, kwa kiasi kinachojulikana. Reli hiyo ilikusudiwa kuunganisha Jerez na Almargen. Kazi yake ilifanyika miaka ya 1920, enzi ya utawala wa kijeshi wa Primo de Rivera, uliopenda miradi mikubwa ya ujenzi. Kisha fedha zikakauka, utawala ukaanguka, na mwaka 1936 vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe. Reli haikukamilika. Hakuna treni hata moja iliyowahi kupita katika mahandaki yale 30. Watu walitoboa milima kwa baruti, sururu na mikono ili kupitisha kitu ambacho hakikuja.

Kwa mwandishi, hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika kilomita zile 36. Katika vijitabu vingi nilivyosoma linapewa sentensi moja, ya kuchekesha kidogo, halafu tunahamia kwenye bei ya vyumba.

Baba hakuwa na habari za Primo de Rivera, lakini swali lake lilitoka mahali anapopafahamu. Neno boda boda lilizaliwa pale pale mpakani, na lilizaliwa likiwa la baiskeli. Katika kazi ile kilima kilikuwa na bei. Abiria mnene na kilima kirefu havikulipiwa sawa na abiria mwembamba na tambarare. Mahali pengine abiria alishuka, akatembea kando ya baiskeli hadi juu, kisha akapanda tena kwenye keria, na wote wawili walijua kwamba adabu ilikuwa inatendeka. Baba anaongea kuhusu barabara za ujana wake kwa magoti. Hili la kulia ni la kilima fulani, la kushoto ni la mwaka wa mvua nyingi. Kwake kilima hakipotei. Kinaweza tu kubebwa na mtu mwingine.

Nilipoisoma sentensi yangu kwa jicho hilo, ilianza kunukia uongo. Njia haina vilima kwa sababu kuna watu waliokwisha kuvipanda kwa niaba yetu, miaka mia moja kabla, kwa ujira wa siku.

Tatizo hili linaonekana zaidi katika njia nyingine maarufu, Vía Verde del Aceite, Njia ya Mafuta ya Zeituni. Ina kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil, ikipita juu ya madaraja ya chuma ya mwisho wa karne ya 19. Reli yake ilisafirisha mafuta ya zeituni, kisha ikafungwa katikati ya miaka ya 1980. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60. Ukiwa kwenye daraja unaiona imepangwa vilimani kama nukta kwenye khanga, na makala huishia hapo, kwenye kupendeza kwake. Lakini kila majira ya baridi zeituni zile huchumwa, na miongoni mwa wachumaji wapo Waafrika wanaohama kufuata mavuno, wengine wakilala katika mabweni ya vibarua. Wimbo rasmi wa mkoa wa Jaén umetokana na shairi la Miguel Hernández, ambaye mwaka 1937, vita ikiendelea, aliandika kuhusu wachumaji wa zeituni na jasho lao. Kwa hiyo mkoa wenyewe unaimba juu ya wachumaji. Kijitabu cha baiskeli kinasifu mandhari. Mimi, Mwafrika niliyepita pale kwa viza ya masomo na chupa ya maji baridi, nilikisadiki kijitabu.

Wahispania wenyewe wanabishana juu ya kiambishi hiki hiki. Mwaka 2016 Sergio del Molino alichapisha kitabu alichokiita *La España vacía*, Hispania Tupu, kuhusu bara la ndani ya nchi lililokimbiwa na watu. Jina likashika. Lakini mwaka 2019 wakazi wa mikoa hiyo walipoandamana Madrid, walilibadilisha kidogo wakasema *vaciada*: iliyofanywa tupu. Hoja yao ilikuwa kwamba utupu si hali ya hewa. Kuna maamuzi yaliyofanywa, na mojawapo ni kufunga reli. Ukilitazama hivyo, ule utulivu tunaouuza kwa watalii ni kimya cha mahali ambapo treni iliondoka na vijana wakaifuata.

Mwenzangu wa nyumba, mzaliwa wa huko, alinisikiliza nikiyasema haya jikoni akakunja uso. Bibi yake anatembelea kiti cha magurudumu, na njia ya reli ya zamani ndiyo mahali pekee milimani anapoweza kwenda bila kubebwa. Je, nataka bibi asomewe orodha ya maiti kabla ya kuona tumbusi? Ni hoja nzito na sina haja ya kuikwepa. Njia hizi zimewapa watu wasio na nguvu milima ambayo zamani ilikuwa ya wenye nguvu. Vituo vilivyokuwa magofu vina wapishi na wahudumu. Kama ningelazimika kuchagua kati ya njia yenye kijitabu kibovu na kutokuwa na njia, ningechagua njia.

Lakini hakuna aliyenilazimisha kuchagua hivyo. Sentensi mbili zaidi hazingemzuia bibi. Zingemwongezea safari, kwa sababu mtu anayejua kwamba handaki hili halikupitiwa na treni hupita ndani yake kwa mwendo mwingine. Udhaifu wa utanzu huu ni wa uandishi kabla haujawa wa maadili. Unaogopa kumchosha msomaji, kwa hiyo unasawazisha kila kitu hadi hakuna kinachokumbukwa.

Mwezi Mei nilirudi kwenye njia ile bila kulipwa. Kituo cha Olvera kipo chini, na mji upo juu kilimani, nyumba nyeupe zilizobanana chini ya ngome na kanisa. Waendesha baiskeli wengi huishia kituoni, hula, hugeuza. Nilitoka kwenye reli nikaanza kupanda. Nilimaliza gia zote nikiwa bado sijafika nyumba ya kwanza. Nikashuka, nikaisukuma baiskeli kama abiria wa baba. Mzee mmoja aliyekaa mlangoni alinitazama hadi nilipomfikia, akasema kitu nilichokielewa nusu, kuhusu magoti.

Usiku niliandika upya: "Njia hii haina vilima, kwa sababu vilitobolewa na vibarua wa miaka ya 1920 kwa ajili ya treni ambayo haikuja. Kilima pekee kilichobaki ni cha kuingia Olvera. Kipande." Mwajiri alijibu kwa heshima kwamba ni ndefu mno, na neno "vibarua" litawatia watu huzuni likizoni. Kijitabu kikachapwa na sentensi ya kwanza. Jina langu halimo, kwa hiyo hata mimi sasa nimo ndani ya -w-: kiliandikwa.

Nilimsomea baba ile ya pili. Aliniuliza vibarua wale walilipwa ngapi kwa siku. Bado natafuta.