Wanaotunza Vitu Vinavyoogopwa

Huku Nchelenge, Zambia, ufukoni mwa Ziwa Mweru, ilomba, nyoka wa kichawi, hutajwa kwa sauti ya chini. Wengi wetu hatungethubutu kugusa kifaa cha mchawi. Wahifadhi wa makumbusho hukigusa. Makumbusho ya Livingstone yalipokea kaliloze, bunduki ndogo za kichawi zilizokusanywa Barotseland, magharibi mwa nchi, wakati wa kesi za uchawi za 1956 na 1957. Kuvitunza vitu kama hivyo ni kazi: kuvaa glavu, maana makusanyo ya zamani mara nyingi yalipakwa aseniki kuua wadudu, kufuta vumbi kwa brashi laini, kukagua kutu, kuandika namba ndogo ya kumbukumbu pasipoonekana. Namba ikifutika, kilichomtia mtu hofu ya kufa kinabaki kipande cha bomba tu.