"Futa Akiba": Uhakiki wa Kiswahili cha Programu za Bure za Kutunza Kompyuta

Yako maandishi ya Kiswahili yasomwayo na watu wengi kila siku, ambayo hayamo vitabuni wala magazetini, wala hayana mtunzi ajulikanaye. Ni yale maneno machache yaandikwayo juu ya vifungo vya programu za kompyuta na simu: futa, ghairi, sakinisha, endelea. Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya na tenzi, nao wamefanya vema. Lakini sijui kama yuko mtunzi wa riwaya ambaye maneno yake hutiiwa kama yanavyotiiwa haya. Msomaji wa riwaya akikosea maana, hasara yake ni ndogo. Msomaji wa kifungo akikosea, huenda kazi yake ya mwaka mzima ikapotea. Kwa sababu hiyo naona yatupasa kuyahakiki maandishi haya kwa ukali ule ule, nami katika makala haya nitatazama aina moja tu, yaani lugha ya programu za bure zitumiwazo kuitunza kompyuta ya mtu binafsi.

Mfano wangu nitautoa Tarakea, katika Wilaya ya Rombo, mteremkoni mwa Kilimanjaro, mahali ambapo Tanzania yapakana na Kenya. Huko, kama ilivyo katika miji mingine midogo, kompyuta hukaa zaidi katika maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi, katika ofisi za shule, na mikononi mwa makatibu wa vyama na vikundi. Nyingi zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kufika hapo. Hazibadilishwi upesi, bali hutunzwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za umri huo haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo haja ya kuzitunza imezidi. Ndipo zinapoingia programu za bure: ya kuondoa takataka katika diski, ya kupambana na virusi, ya kubana mafaili, ya kufufua kilichofutwa.

Tuanze na hilo neno "bure" lenyewe. Waingereza wana shida ambayo sisi hatuna. Neno lao "free" lina maana mbili, ya kitu kisichokuwa na bei na ya kitu kilicho huru, na tangu Richard Stallman alipoanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, wafuasi wake wamelazimika kueleza kila mara kwamba wao wakusudia maana ya pili. Mswahili hahitaji maelezo hayo. Ana "bure", na ana "huru" na "huria". BleachBit, programu ya kusafisha diski iliyotokea mwaka 2008, ni ya bure na tena ni huru, maana kila mtu aruhusiwa kuufungua msimbo wake, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. CCleaner, iliyoanza mwaka 2004, hupatikana bure, lakini si huru. Msimbo wake ni mali ya kampuni. Lugha yetu yaitenga tofauti hii kwa neno moja tu, na ni ajabu kwamba katika maandishi mengi ya Kiswahili aina zote mbili huitwa "programu za bure".

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwaka 2017, toleo la 5.33 la CCleaner lilisambazwa kwa muda wa kama mwezi mmoja likiwa limetiwa msimbo mbaya na wavamizi, likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27. Chombo cha kusafishia kilikuwa chenyewe kimechafuliwa. Sisemi kwamba programu huru haziwezi kupatwa na balaa kama hilo, zaweza. Nasema tu kwamba "bure" haimwambii mtumiaji kitu chochote isipokuwa bei, ilhali "huru" yamwambia habari ya haki zake. Tena "bure" kwetu ina maana nyingine, ya jambo lisilo na faida: kazi bure, maneno ya bure. Ikiwa twataka mwalimu wa Rombo aithamini programu ambayo hakuilipia, tusimpe kwa jina linalonuka ubatili.

Sasa nije kwenye neno lililonipa kichwa cha makala haya. Kompyuta na simu huweka kando nakala za vitu zilivyokwisha kuvileta au kuvikokotoa, ili vikihitajiwa tena vipatikane upesi. Kwa Kiingereza nakala hizo huitwa "cache", neno lililotoka katika Kifaransa kwenye maana ya kuficha. Katika Kiswahili cha Android na cha programu nyingine kadhaa limewekwa neno "akiba", na kifungo cha kuziondoa chasomeka "Futa akiba". Kwa mtazamo wa kamusi huwezi kumlaumu mfasiri sana, kwa kuwa akiba ni kitu kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye. Lakini maana ya neno haikai katika kamusi peke yake. Akiba kwetu ni fedha, ni mahindi ya ghalani, ni kile ambacho methali yasema hakiozi. Kote katika miteremko hii viko vikundi vya kuweka na kukopa, na neno hili hutamkwa katika kila mkutano wao. Mwekahazina mmoja wa kikundi cha Tarakea, atunzaye hesabu za wenzake katika kompyuta, nilipomwonyesha kifungo hicho aliniuliza, "Akiba ya nani, Mwalimu?" Sikuona swali lililo bora kuliko hilo katika vitabu vyote vya nadharia ya tafsiri nilivyosomeshwa ng'ambo.

Ubaya wazidi pale vifungo viwili vikaapo pamoja. Katika mipangilio ya simu, kifungo cha kufuta akiba hukaribiana na kifungo cha kufuta data. Cha kwanza hakina madhara. Kikibonyezwa, programu itachelewa kidogo tu mara ya kwanza ifunguliwapo tena. Cha pili huondoa kila kitu ambacho mtu amekiweka ndani ya programu ile, isipokuwa kile kilichokwisha kuhifadhiwa mahali pengine. Mpe mtu mwenye Kiswahili safi achague kimoja, huku akijua kwamba simu yake imejaa. "Akiba" ataiogopa, kwa kuwa ni neno zito lenye heshima. "Data" hana uzito nayo. Ni neno geni, na katika mazungumzo ya kila siku ndicho kile kifurushi kinunuliwacho dukani ambacho huisha kila wiki. Basi ataiacha akiba, atafuta data. Yaani kadiri anavyoijua zaidi lugha yake, ndivyo anavyoelekezwa zaidi kwenye hasara. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ambayo tafsiri yaweza kufanya, nalo halionekani mtu akilinganisha neno kwa neno na Kiingereza.

Hapana shaka nitajibiwa kwamba maneno huzoeleka. Nitaambiwa kwamba "kipanya" kilichekwa mwanzoni, na leo hakuna ashangaaye. Hoja hii ina nguvu, wala sitaki kuipuuza. Lakini kipanya cha mezani hakigongani na panya wa ghalani, maana hakuna mahali ambapo mtu angeshindwa kujua ni yupi atajwaye. Akiba ya kompyuta na akiba ya fedha zakaa katika mashine ile ile, mbele ya macho yale yale. Tena tufikiri jinsi mazoea hayo yapatikanavyo. Mtu huzoea kwa kufundishwa asiyaamini maneno ayasomayo. Baada ya kufundishwa hivyo mara mbili tatu, huibadili lugha ya kompyuta yake iwe Kiingereza, hata kama Kiingereza chake ni kidogo, kisha hubonyeza vifungo kwa kukisia. Hivyo tafsiri mbaya haimkoseshi neno moja tu. Yamtoa katika lugha yake.

Mhakiki abomoaye yampasa ajenge pia. Mimi napendekeza neno "kiporo". Kiporo ni chakula kilichobaki jana na kuwekwa ili kiliwe leo pasipo kupika upya. Husaidia, kwa kuwa huokoa muda na kuni. Kikitupwa hakuna msiba, ila itabidi kupika tena. Kikikaa mno huchacha na kumdhuru alaye. Mambo yote matatu ni kweli kwa zile nakala za kompyuta, hata hilo la mwisho, maana nakala ya zamani huweza kumwonyesha mtu habari zisizokuwa za leo. Neno lenyewe limekwisha kuzoea kusafiri: wapenzi wa mpira husema "mechi za viporo" kwa michezo iliyoahirishwa. "Futa viporo" haimtishi mtu, wala haimdanganyi. Kama wenzangu wana neno lililo bora zaidi, nitafurahi kulipokea. Lakini na lipimwe kwa mizani hiyo hiyo, yaani kama lamwambia mtumiaji atapoteza nini akibonyeza.

Kwa mizani hiyo, si kila kitu ni kibaya. "Vidakuzi", yaani vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha katika kompyuta ili kumtambua mgeni arudipo, ni neno zuri sana. Mfasiri hakuyafuata maandazi ya Kiingereza. Alikwenda kwa mdakuzi, mtu apelelezaye na kutoa mambo ya wenziwe, jamaa wa magazeti ya udaku. Asomaye ajua mara moja kwamba aombwa kumkaribisha mdaku, na kwamba ana haki ya kukataa. "Ghairi" nalo lastahili sifa. Wako wanaolicheka kuwa la kale, lakini halina mshindani: mtu aliyekuwa karibu kutenda, akabadili nia, ndiye aliyeghairi.

"Sanidua" lina habari yake. Limejengwa kwa kiambishi cha kutengua, kile tukionacho katika funga na fungua, ziba na zibua. Kukitia katika kitenzi chenye sura ya kukopwa si jambo la kawaida, lakini si dhambi, na sikio laelewa upesi. Ila mtenguo wahitaji jambo la kutenguliwa. Ambapo kifungo cha kuingiza programu huandikwa "sakinisha" au "weka", na cha kuiondoa "sanidua", mtumiaji apewa ufunguo usiokuwa na kufuli. Weka na ondoa ingetosha. Hali kadhalika "changanua" hutumiwa kwa kazi ambazo Mswahili angezitaja mbalimbali. Kupitisha kamera juu ya msimbo si kuchanganua, na kupekua diski kutafuta virusi ni kupekua. Na "safisha" pia yahitaji kufikiriwa, kwa kuwa katika duka la Tarakea, wakati wa kiangazi, kusafisha kompyuta ni kupuliza vumbi.

Yako pia mambo ya mpaka. Upande mmoja mtoto husoma kuhusu kompyuta, upande wa pili hukuta tarakilishi. Nao huuziana maharage katika soko moja. Kiswahili cha Windows 10 kimeandikishwa kuwa cha Kenya, na mtumiaji wa Tanzania hukipokea kama kilivyo. Sioni haja ya kugombana juu ya jina la mashine, kwa kuwa majina mawili ya kitu kimoja hayamdhuru mtu. Kidhuru ni kitenzi kimoja chenye vitendo viwili. Nguvu zetu na ziende huko.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili Kiswahili sanifu kiwe na mlezi, na kazi hiyo ikarithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964, kisha Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967. Walezi hao walishughulika na vitabu, kwa sababu vitabu ndivyo vilivyosomwa. Leo vifungo vyasomwa zaidi, nasi twaviacha mikononi mwa kampuni zilizo mbali na za wanaojitolea wasiosaidiwa. Lakini hapa ile tofauti ya "bure" na "huru" yarudi kwa faida yetu. Programu ambayo ni ya bure tu yaweza kutafsiriwa na mwenyewe peke yake. Sisi twaweza kumwandikia barua na kungoja. Programu huru yaweza kutafsiriwa na yeyote. Ndivyo ilivyowezekana mwishoni mwa mwaka 2004, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na Waswidi, walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Basi napendekeza mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wetu wa tafsiri wapewe programu huru ya kutunza kompyuta kuwa zoezi lao, badala ya vifungu vya vitabu ambavyo hakuna atakayevisoma. La pili, kabla ya neno lolote kupitishwa, lipelekwe kwa watu walio mbali na chuo, waulizwe si kama lawapendeza, bali wanadhani litatokea nini wakibonyeza. Jibu likiwa si sahihi, neno lianguke, hata kama limetolewa na profesa. Lugha ambayo mtu hawezi kuitii bila hofu haijawa bado lugha ya kazi yake, na hotuba zote za tarehe 7 Julai haziwezi kuifanya iwe.