Nyumba wanayoiruka: juu ya masimulizi ya mitaa na motokari za zamani

Mtu akitaka kusikia historia ya mji wetu wa Likasi, asiende kwanza biblioteki. Aende kwenye kilio. Siku ya pili, wakati wamama wako jikoni na vijana wanapanga viti, wazee wanajitenga chini ya mwembe na wanaanza kazi yao. Mmoja anauliza: "Ile 404 ya marehemu, munaikumbuka?" Basi, imekwisha, hakuna tena kulala. Mwingine anajibu kwamba haikuwa 404, ilikuwa 403, rangi ya majivu, mlango wa nyuma unafungwa na kamba. Wa tatu anaapa ilikuwa 404 kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe aliisukuma toka Shituru mpaka Kikula siku batri ilipokufa. "Ile njo ilikuwa mutuka! Hizi za leo ni mabati tu." Na kweli, motokari nyingi tunazoziona leo zinatoka Japani, zimekwisha kutumika huko, zinapita Dar es Salaam na Kasumbalesa, usukani kuume. Hakuna anayezipa jina.

Kutoka kwenye Peugeot wanaingia barabarani. Hawafuati tarehe, wanatembea kwa maneno: hapa duka la Mgiriki, pembeni yake muuza mikate, halafu baa, halafu fundi wa kinga, halafu nyumba ya mwalimu. Mtu akiruka duka moja, wenzake wanamrudisha: "Hapana, umepita mbio, kulikuwa na Mreno pale katikati." Mimi ninaita hii sanaa, na ninaomba tuipime kama tunavyopima sanaa yoyote, yaani tuseme pia fasi inapokosea.

Wachoraji wetu walikwisha kuipa sanaa hii jina. Miaka ya 1970, katika Shaba, tablo zilizotundikwa ndani ya salon za watu ziliitwa ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika tablo zaidi ya 100, alifanya kazi hiyo akizungumza naye kwa Kiswahili chetu hiki cha mjini. Ukumbusho si foto. Foto inaonyesha, ukumbusho unamwamsha mtu aseme. Mgeni anaingia, anaona askari na kiboko, bendera ya Ubelgiji, mfungwa amelala chini, anauliza, na mwenye nyumba anaanza kusimulia yake. Tablo bila yale mazungumzo imebaki nusu.

Ile 404 ya marehemu nayo ni ukumbusho. Inaamsha. Sasa tuulize: inaamsha nini, na inaacha nini kulala?

Lawama yangu ya kwanza ni ndogo, na wengine wamekwisha kuisema. Ukiwasikiliza wazee kwa haraka, utafikiri kila baba wa Jadotville alikuwa na motokari. Sivyo. Wafanyakazi wengi wa Union Minière walikwenda kazini kwa miguu au kwa kinga, na kinga yenyewe, hasa Raleigh, ilinunuliwa kwa mshahara wa miezi mingi na kupanguswa kila jioni kama mtoto. Na zile barabara nzuri zenye jakaranda, Mweusi hakuzitembelea alivyotaka. Usiku, katika mji wa Wazungu, alihitaji karatasi. Kati ya mji huo na site ya Waafrika waliacha eneo tupu, wakasema ni mambo ya afya.

Kuna kitabu kimoja kinachoonyesha barabara hizohizo kutoka upande wa mlango wa jikoni: Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watu waliofanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu. Si kitabu chepesi. Kilipigwa kwa mashini, maneno yameshikamana, majina yanamwagika bila kupumzika, na msomaji aliyezoea Kiswahili cha shule atakasirika kwenye ukurasa wa kwanza. Avumilie. Boyi aliijua nyumba kwa ndani. Alijua bwana gani analipa na gani anapiga, na watu walimpa kila bwana jina lake la kichini. Ni aibu kidogo kwamba wengi wetu tulikijua kwa njia ya chapa ya ng'ambo, ile ya Fabian ya mwaka 1990, wakati kilizaliwa hapa, katika lugha yetu.

Juu ya maduka, lakini, wazee wananishangaza kwa ukweli wao. Wakifika tarehe 30 Novemba 1973, siku Mobutu alipotangaza zairianizasio, hawajifichi. Wanacheka. Mali ya Wagiriki, Wareno na wafanyabiashara wengine wageni iligawiwa kwa akerere wa Kizairi, na kila mtaa una kisa chake: huyu aliuza vitu vyote kwa mwezi mmoja asinunue vingine, yule aligawia ndugu zake sabuni na sukari mpaka rafu zikabaki na vumbi, mwingine alinunua Mercedes kwa pesa ya duka na baadaye akakosa ya mafuta. Hawamtupii Mobutu peke yake lawama. "Ni sisi tulikula," wanasema. Hapo masimulizi yamefika juu kabisa, kwa maana msimulizi anajiweka ndani ya kosa.

Ndiyo sababu lawama yangu ya pili inanisumbua zaidi. Katika mtaa wetu, baada ya fundi wa kinga na kabla ya mwalimu, kulikuwa na nyumba ya fundi wa kushona. Cherehani yake ya Singer ilikaa barazani, watoto wa shule walipita pale kuokota vipande vya kitambaa. Wazee wanairuka. Wale waliogombana nusu saa juu ya 403 na 404 wanatoka kwa fundi wa kinga na kuingia moja kwa moja kwa mwalimu, na hakuna anayesema "umepita mbio."

Fundi alikuwa mtu wa asili ya Kasai. Alizaliwa hapa, baba yake aliletwa na kampani. Mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Walilala kituoni, wengine kwa majuma mengi, wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walikufa palepale ao njiani. Vitu vyao viliuzwa barabarani kwa bei ya bure. Ninaandika hivi nikijua vizuri kwamba ile Singer iko kwetu. Mama alilipa, ndiyo. Alilipa bei ya siku ile.

Kijana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alitengeneza mfululizo wa picha unaoitwa Mémoire, ulioonekana mwaka 2006. Alikata foto za zamani za wafanyakazi, wengine wamefungwa shingoni kwa mnyororo, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Wengine walisema ni huzuni bure, kila mtu anajua kiwanda kimekufa. Mimi niliona jambo lingine: aliwarudisha watu fasi walipofanya kazi, wakati sisi wengine tulikuwa tunalilia mashini. Ningependa masimulizi yetu ya barabara yafanye hivyo. Tumesimulia motokari vya kutosha bila kusema nani alikuwa ndani yake, na duka bila kusema kwa nini jirani hakurudi kununua.

Wataniambia: wewe unataka kuamsha ugomvi kwenye kilio. Neno hilo lina uzito, nimelifikiri. Kuna wenye kukaa katika nyumba zile leo, na watoto wao wamezaliwa humo bila kosa. Hata hivyo wajukuu wanaokaa pembeni kusikiliza wanapokea barabara ile kama tunavyowapa, na barabara tuliyowapa haina cherehani.

Mwezi wa tano nilikuwa tena Kikula kwa msiba wa jamaa. Wazee walipotoka kwa fundi wa kinga, niliuliza kwa sauti ya chini: "Na nyumba ya fundi wa kushona, bababa?" Walinyamaza. Mmoja akachokonoa moto na kijiti. Halafu yule wa 404, mzee mwenye ubishi kuliko wote, akasema: "Yenye mlango wa majani. Alikuwa na watoto watano." Mwenzake akatikisa kichwa. "Sita. Unasahau kale kadogo ka mwisho." Wakaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, wakigombana.