Nguo Kuukuu za Kazi na za Vita: Alama Zake Zatoka Wapi?

Siku hizi katika miji mikubwa ya Ulaya, ya Marekani na ya Japani kuna maduka ambamo nguo kuukuu huuzwa ghali kupita nguo mpya. Wala si nguo za wafalme au za mabibi wakubwa. Ni suruali za wachimba madini, makoti ya wafanya kazi wa viwanda na wa reli, makoti ya askari, mifuko ya turubai, mikanda na viatu vya ngozi. Kadiri nguo ilivyopauka na kutiwa viraka, ndivyo bei yake inavyopanda. Kuna vitabu juu yake, kuna minada, na kuna wajuzi wanaoweza kutaja umri wa koti kwa kutazama zipu yake tu.

Sisi tuliozoea marobota ya mitumba twaweza kucheka. Kwetu mtu hununua nguo iliyokwisha kuvaliwa kwa sababu fedha zake ni chache, naye huchagua ile iliyo karibu na upya. Lakini tusicheke upesi. Jambo likipendwa na watu wengi kwa miaka mingi, yafaa kulipima: uzuri wake ni nini, na ubaya wake ni nini. Mimi nasema kwamba uzuri upo, tena ni mkubwa. Ubaya nao upo, na umekwisha kuua watu. Ili kutenganisha hayo mawili latosha swali moja: alama zilizo katika nguo hii zatoka wapi, na ni nani aliyezitia?

Tuanze na uzuri. Kama mwaka wa 1870, katika mji mdogo wa Reno, jimbo la Nevada, mke wa mkata miti mmoja alimwendea fundi wa kushona aliyeitwa Jacob Davis. Alitaka suruali ya mume wake isiyopasuka upesi. Davis alikuwa akishona pia mahema na matandiko ya farasi, na pale kazini pake zilikuwapo ribiti, yaani vile vipande vya shaba vinavyogongwa ili kushikamanisha mikanda. Akazigonga katika pembe za mifuko ya suruali, mahali hasa ambapo mkono na vyombo vya kazi huvuta kitambaa mpaka kikapasuka. Suruali ikadumu, na wanaume wengine wakaja kutaka za namna ile. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kulipia hati ya serikali, Davis alimwandikia mfanya biashara aliyemwuzia kitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, nao wakapata hati hiyo tarehe 20 Mei 1873. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa suruali ya jinzi.

Tazameni jambo hili vema. Ile shaba, madini tunayoyajua sana sisi wa Katanga, haikuwekwa ili ipendeze macho. Iliwekwa kwa sababu mume wa mwanamke mmoja alikuwa na kazi nzito. Na katika vita vya 1939-1945, serikali ya Marekani ilipoamuru watu wabane madini na uzi, ribiti iliyokuwa katikati ya miguu iliondolewa, na ule mshono wa pambo juu ya mifuko ya nyuma ukapakwa kwa rangi badala ya kushonwa. Kwa hiyo mjuzi akishika suruali ya miaka ile asoma ndani yake habari za vita, bila kitabu. Uzuri wa namna hii wahitaji heshima, maana ni uzuri wa ukweli.

Koti la askari wa Marekani liitwalo M-65, lililoanza kutumika mwaka wa 1965, ni vivyo hivyo. Lina mifuko minne mikubwa upande wa mbele. Ndani ya kola mmefichwa kofia ya kitambaa chepesi, iliyofungwa kwa zipu, ya kujikinga na mvua. Kiunoni mna kamba ya kuvuta ili upepo usiingie. Katika mkono wa koti mmekunjwa pembe ya kitambaa ya kufunika mgongo wa kiganja wakati wa baridi. Hakuna hata kimoja kilichowekwa bure. Hata rangi za nguo hizi zina sababu zake. Neno letu la kaki latoka mbali, katika lugha ya Waajemi na ya Wahindi, na maana yake ni rangi ya vumbi. Katika miaka ya 1840 kikosi kimoja cha Waingereza huko mpakani mwa India kiliacha nguo za rangi kali, kikavaa rangi ya udongo ili adui asiwaone askari wake upesi. Wafaransa walichelewa kujifunza: mwaka wa 1914 askari wao waliingia vitani na suruali nyekundu, wakapigwa risasi kwa wingi. Mwaka wa 1915 wakavishwa buluu iliyofifia.

Juu ya mifuko na vitu vya ngozi nitataja mfano mmoja tu, lakini ndio mwema kuliko yote. Mifuko ya zamani ya jeshi la Uswisi ilishonwa kwa turubai nene yenye rangi kama ya chumvi iliyochanganywa na pilipili, na mikanda yake ni ya ngozi nzito. Ngozi iliyoiva katika maji ya maganda ya miti haichakai kama karatasi. Jasho na mafuta ya mikono huizidishia rangi mwaka kwa mwaka. Nayo mara nyingi imepigwa muhuri: jina la fundi, mji wake, na mwaka. Fundi yule amekufa zamani, lakini kazi yake ingali yamshuhudia. Ni vitu vingapi twavinunua leo ambavyo aliyevitengeneza angethubutu kuvitia jina lake?

Tena yuko mtu aliyeonyesha namna njema ya kuvaa nguo hizi. Bill Cunningham, mpiga picha wa New York aliyefariki mwaka wa 2016, kazi yake ilikuwa kupiga picha za nguo nzuri za watu wa mji ule. Lakini yeye mwenyewe kwa miaka mingi alivaa koti la buluu la wafanya kazi wa Ufaransa, la bei ndogo, lenye mifuko ya kutia vyombo vyake, akaenda kazini kwa baiskeli. Koti hilo alilitumia kwa kazi, kama lilivyokusudiwa. Huyo hatuna neno naye.

Sasa tuje kwenye lawama. Lawama ya kwanza ni ya wale wanaopenda alama, lakini hawapendi kuzisoma. Mwezi wa Oktoba 2022, huko New Mexico, suruali moja ya Levi Strauss ya miaka ya 1880, iliyokuwa imeachwa katika mgodi wa zamani, iliuzwa mnadani kwa dola zaidi ya 87,000. Watu walisifu sana hali yake njema. Lakini ndani ya mfuko mlikuwa na maneno yaliyopigwa chapa, yakisema kwamba nguo hizi ndizo peke yake zilizotengenezwa na wafanya kazi Weupe. Mwaka wa 1882 Marekani ilikuwa imetoa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na wafanya biashara walijua kwamba maneno kama hayo yatawavutia wanunuzi. Ebu fikirini: Davis mwenyewe alikuwa mgeni aliyetoka Riga, na Strauss mgeni aliyetoka Bavaria! Hayo nayo ni alama, sawa na mikwaruzo ya mgodi. Mtu hawezi kupenda moja na kufumba macho mbele ya nyingine. Sisemi suruali ile itupwe. Nasema itunzwe, na anayeionyesha aonyeshe mfuko nao.

Lawama ya pili yatugusa sisi. Koti la askari, mtu wa Paris au wa Tokyo hulivaa akienda kunywa kahawa. Kwetu raia akivaa nguo za askari aweza kukamatwa, wala hapo sioni ukali wa bure. Mashariki mwa Congo, tangu vita vya 1996, wakimbizi wangapi wamekimbia mbele ya watu waliovaa nguo zenye madoa ya kijani na kahawia! Mama aliyelala porini pamoja na watoto, akiona nguo ile njiani, haulizi mwaka wake wala zipu yake. Moyo wake wapiga tu.

Hata huko Marekani alama za koti hilo si mchezo. Juu ya mfuko wa kifua kulishonwa jina la askari mwenyewe. Mwezi wa Aprili 1971 mamia ya askari waliorudi kutoka Vietnam walikusanyika Washington, wengi wakivaa makoti yao ya vitani, wakatupa nishani zao mbele ya jumba la bunge ili vita vikome. Wale walikuwa na haki ya kuyavaa mbele ya watu wote, maana alama zake walizilipia wenyewe. Lakini kijana anayenunua koti lenye jina la mtu mwingine kifuani, asijali kama mtu yule alirudi kwao au hakurudi, ameazima uchungu usio wake. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Lawama ya tatu ni nzito kupita zote. Kwa kuwa nguo zilizochakaa kweli ni chache, na wanaozitaka ni wengi, viwanda vilianza kutengeneza uchakavu wenyewe. Suruali mpya yafanywa ionekane kana kwamba imepiga magoti shambani miaka kumi. Njia mojawapo ilikuwa kupuliza mchanga juu ya kitambaa kwa bomba la hewa yenye nguvu, mpaka rangi ya mapajani na magotini ikatoka. Nchini Uturuki kazi hiyo ilifanywa na vijana, wengi wao maskini waliotoka vijijini, ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa, bila kinga ya kutosha. Vumbi la mchanga likaingia mapafuni mwao. Katika miaka ya 2000 madaktari wa huko walitambua kwamba vijana hao wana silikosisi, ugonjwa ule ule uliojulikana zamani kwa wachimba migodi. Hauna dawa ya kuuponya. Wengine walikufa kabla ya kufika umri wa wazee. Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka wa 2009. Mwaka wa 2010 baadhi ya makampuni makubwa ya nguo nayo yalitangaza kuiacha, lakini ripoti za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba iliendelea katika nchi nyingine za Asia.

Wasomaji wapendwa, hapo ndipo kipimo chetu chapata nguvu. Davis alitia shaba mfukoni ili nguo ya mfanya kazi isipasuke. Baada ya miaka mia na zaidi, mapafu ya mfanya kazi yaliharibiwa ili suruali ya mtu asiyefanya kazi ile ionekane imefanya kazi. Hiyo ni kugeuza maana yote ya nguo ile. Goti lililopauka lilikuwa ushuhuda, nao wakalifanya uwongo, tena uwongo ulionunuliwa kwa pumzi ya maskini.

Mwingine atajibu: Je, kuiga nguo za zamani ni dhambi? Hapana. Huko Japani, hasa Kojima katika jimbo la Okayama, wako mafundi wanaofuma na kushona upya jinzi za kale kwa uangalifu mkubwa, wakichunguza uzi, rangi na mshono. Nguo zao nyingi huuzwa zikiwa ngumu, bila kuoshwa, na mwenye kuvaa ndiye atakayezitia alama zake polepole. Kuiga namna hii ni kujifunza kwa waliotangulia. Wengine siku hizi hupausha kitambaa kwa leza, nao ni afadhali, maana mchanga haupulizwi tena. Lakini uwongo wabaki kuwa uwongo, hata ukisemwa kwa chombo safi.

Sisi Wakristo twalijua koti moja kuukuu la askari lililopata heshima kupita yote. Mapokeo yasimulia kwamba katika karne ya nne Martino, askari wa jeshi la Roma, alimkuta maskini aliye uchi langoni mwa mji wa Amiens. Akakata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Baadaye alikuwa askofu wa Tours, akafariki mwaka wa 397. Joho lile wafalme wa Wafaranki walilitunza kama hazina. Kwa Kilatini liliitwa cappa, na nyumba iliyolihifadhi ikaitwa cappella, ndipo likatoka neno la Kifaransa chapelle. Walioliheshimu hawakutazama mshono wake wala rangi yake. Walitazama mahali lilipokatwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Nguo kuukuu za kazi na za vita zastahili kusifiwa, maana zilishonwa kwa akili, nazo zatufundisha kwamba kitu chema ni kile kinachoijua kazi yake. Mwenye kuzitunza afanya vema, na mwenye kuzivaa kazini afanya vema zaidi. Lakini anayelipia alama za jasho asilozijua, au anayeagiza zitengenezwe kwa afya ya mtu mwingine, huyo amenunua kitambaa tu. Nanyi mnaofungua marobota sokoni, mkiona suruali iliyopauka magotini, ichunguzeni. Kama imepaukia kazini, ivaeni bila haya, kisha mwongeze alama zenu wenyewe. Kama ilipaushwa kiwandani, mkumbukeni yule aliyeipausha.